Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku moja

Anza na mahamri na mbaazi za nazi. Ukichelewa utakuta sufuria imebaki mchuzi. Kisha ingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kabla jua halijawa kali, maana juu ya kuta hakuna kivuli. Ukitoka, pita Ndia Kuu kwa miguu utazame milango ya nakshi. Picha za watu, omba kwanza.

Leso zinunuliwe Mtaa wa Biashara. Huuzwa jozi, vipande viwili vimeshikana: hakikisha jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, ni lilelile kwa vyote, kipapase kitambaa kama ni pamba, halafu mpe fundi akate na kupinda. Ijumaa adhuhuri usiende, maduka mengi hufungwa kwa sala. Jioni, viazi karai kwa ukwaju.