Kuandika maisha ya mhunzi wa kitambo wa Samia
Kama babu ya babu yako alikua na tanuru ya chuma huko Samia, Busia, miaka ya 1800, usianze na makaratasi, enda kwa wazee. Usiulize alizaliwa lini, uliza nani alikua anachimba mawe ya chuma kwa vilima, nani alichoma makaa, nani alivuta mivukuto, na jembe zikitoka hapo zilienda wapi. Hapo kwa jembe kaa sana juu zilikua zinalipa mahari na watu wanabadilishana nazo mifugo, ukijua zilifika boma gani unajua ukubwa wa huyo mhunzi. Omba ruhusa ndio urekodi na simu. Alafu mwambie mzee unayemuuliza akupeleke penye tanuru ilikua, ukipata mavi ya chuma (ndio, yanaitwa hivyo, ni takataka inabaki mawe yakichomwa kutoa chuma) piga picha tu, usibebe.