Saizi ya tairi na rimu kwa barabara za mashimo: namna ya kupiga hesabu kabla ya kununua

Rimu ya inchi 18 kwenye gari dogo hupendeza macho, lakini kwenye barabara ya mashimo ndiyo hutangulia kufika kwa fundi wa kunyoosha. Si kwamba imetengenezwa vibaya. Kati yake na ukingo wa shimo hakuna nyama ya kutosha, basi. Kinachokinga rimu ni ubavu wa tairi na upepo uliomo ndani, na urefu wa ubavu huo umeandikwa kwenye tairi lenyewe.

Chukua 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, kama asilimia ya upana huo: 195 mara 0.65 ni karibu milimita 127. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 15 ni milimita 381. Ukijumlisha rimu na bavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha tairi zima: 635 hivi.

Sasa weka Volkswagen Golf mezani, kwa sababu inakubali saizi nyingi na wengi huinunua ikiwa imeshavalishwa rimu kubwa:

195/65R15: ubavu 127, kipenyo 635
205/55R16: ubavu 113, kipenyo 632
225/45R17: ubavu 101, kipenyo 634
225/40R18: ubavu 90, kipenyo 637

Kipenyo cha nje karibu hakisogei. Kila inchi inayoongezwa kwenye rimu inakatwa kwenye ubavu. Halafu kuna mdomo wa rimu, ule ukingo unaoshikilia tairi, unaopanda kama milimita 17 juu ya kipenyo kilichoandikwa. Utoe huo: kwenye inchi 15 zimebaki 110, kwenye inchi 18 zimebaki 73. Uzito wa gari nao unakula kidogo humo. Ndiyo maana mtu mwenye inchi 18 husikia mlio wa chuma kwenye shimo ambalo jirani yake mwenye inchi 15 amelipita akiendelea na maongezi.

Tairi linapogonga ukingo wa shimo, ukingo huo unalisukuma ndani mpaka pande mbili za ubavu zikutane, zimebanwa baina ya lami na mdomo wa rimu kama kidole kwenye mlango. Nje mpira unaweza kuonekana mzima kabisa. Ndani, nyuzi zinazobeba upepo zimekatika, na baada ya siku chache pale zilipokatika panatoka nundu. Mgongano ukizidi, rimu yenyewe hupinda, na mara nyingi hupinda upande wa ndani usiouona, kwa sababu spoku zake ziko upande wa nje na ukingo wa ndani hauna kitu cha kuuegemea.

Kwa hiyo, kwa gari la mashimo, tafuta rimu ndogo kuliko zote inayopita kwenye breki, kisha rudisha kipenyo kwa ubavu mrefu. Anza na saizi zilizoidhinishwa na mtengenezaji. Toyota na Mazda huziandika kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Golf nyingi, ndani ya kifuniko cha mafuta. Gari moja huwa na saizi zaidi ya moja: Mazda CX-5 imetoka kiwandani na 225/65R17 na pia 225/55R19. Ubavu wa ile ya kwanza ni milimita 146, wa pili 124. Ukipewa uchaguzi unaponunua, chukua ya inchi 17, hata kama muuzaji anaisifia ya 19.

Ukitaka saizi isiyo kwenye kibandiko, kipenyo kisizidi kile cha asili kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. Mfano, kutoka 195/65R15 kwenda 205/65R15 kunapandisha kipenyo hadi 647.5, yaani asilimia 2. Ubavu unafika 133 na tumbo la gari linapanda milimita 6 hivi. Kwa namba ileile ya spidomita, kasi halisi inakuwa juu kidogo kuliko ukiwa na tairi la asili. Zaidi ya hapo tairi huanza kusugua plastiki ya ndani ya bodi, hasa ukikata kona huku gari limejaa abiria.

Tairi jembamba kwenye rimu pana ni kosa lingine linalouzwa kama urembo. Ubavu unavutwa ukalala, na mdomo wa rimu unatokeza nje ya mpira. Hapo hata ukingo wa barabara unatosha kuukwangua. Rimu ya 6J, yaani upana wa inchi 6, inalikaa vizuri 195/65R15. Ya inchi 8 hailifai.

Kabla ya kulipia rimu ndogo, zijaribu kwenye gari. Mambo manne lazima yalingane: idadi na duara la matundu ya boliti, tobo la katikati, kina cha rimu (kile kinachoandikwa ET, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari), na nafasi ya breki. Golf ya kizazi cha 5 hadi cha 7 hutumia 5×112, yaani boliti 5 kwenye duara la milimita 112, na tobo la milimita 57.1. Inua gari kwa jeki, weka stendi chini, funga rimu tupu bila tairi kwa boliti zote, kisha izungushe kwa mkono. Isiguse kalipa, ile sehemu inayobana diski ya breki, popote. Ukiona mwanga mwembamba kati ya rimu na kalipa, chini ya milimita 3, iache. Kokoto moja ikinasa hapo itachonga rimu kwa ndani. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uizungushe rimu tena. Golf zenye breki kubwa, kama GTI, huikataa inchi 15, na hakuna ujanja wa kuzilazimisha.

Angalia pia uzito ambao tairi linabeba. Baada ya saizi kuna namba kama 91V. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. 88 ni kilo 560 tu. Usishuke chini ya namba ya kibandiko, hata tairi likiwa bei ya kutupa. Alama ya XL inamaanisha tairi limeimarishwa libebe upepo na uzito zaidi. Kwa ubavu mfupi ni afadhali kuwa nayo, ila haigeuzi ubavu wa milimita 90 kuwa wa 127. Kwenye mtumba, soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ile namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokauka hupasuka pale ambapo mpya ungejikunja.

Upepo ndio nusu ya kinga yote, na ndio watu wanaoupuuza. Tairi lenye ubavu mrefu lakini limepungukiwa upepo linaweza kubanwa kirahisi kuliko fupi lililojaa sawasawa. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Fuata kibandiko, na safari ya mizigo utumie kile kiwango cha gari lililojaa. Kulijaza kupita kiasi nako si dawa: tairi linakuwa gumu kama gogo, na kishindo kinahamia kwenye shokapu, bushi na beringi.

Shimo likikushtukiza, punguza mwendo mapema, halafu uachie breki kabla ya kuingia. Gari linalofunga breki huinamisha pua, na springi za mbele zinakuwa zimeshabanwa wakati unazihitaji. Kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nishati ya mwendo inafika mara 2.25 ya ile ya mwanzo. Dimbwi la maji lichukulie kama shimo ambalo hujaliona kina.

Baada ya kishindo kikubwa, usingoje usukani uanze kutetemeka. Inua gurudumu, shika bisibisi ikiwa imeegemea shokapu, ncha yake iwe karibu na ukingo wa ndani wa rimu, kisha zungusha polepole. Nafasi ikifunguka na kujifunga, rimu imepinda. Pitisha kiganja ubavuni, nje na ndani. Uvimbe unaotoka nje maana yake tairi limekwisha, halizibwi wala halishonwi. Kijimfereji kinachoingia ndani, kilichonyooka kutoka ukingoni hadi juu, kwa kawaida ni kiungo cha nyuzi tu na hakina neno. Pakaa maji ya sabuni kwenye mdomo wa rimu; povu likichemka, panavuja.

Rimu ya chuma hupinda na hunyooka kwa nyundo bila fedheha. Ya aloi iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa mashine, lakini yenye ufa ukingoni au kwenye spoku itupe, kwani welding huziba upepo bila kurudisha nguvu.

Ukishabadilisha saizi, toa spea uipime nayo: kipenyo kilingane na cha matairi mengine. Kwenye Golf kuna mtego mmoja zaidi. Boliti za asili zina kikalio (ile sehemu chini ya kichwa inayokaa kwenye rimu) cha mviringo kama mpira, na rimu nyingi za dukani zinataka cha pembe kama faneli. Zikichanganywa zinashika kwa kamstari tu na hulegea njiani. Kaza kwa Nm 120 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), rudia kukaza baada ya kilomita 50, na kama umefunga rimu za dukani, weka boliti 5 za mviringo kwenye mfuko pamoja na jeki, kwa sababu spea ya chuma itazidai siku ya pancha.