Pima mlango kwanza, ndipo uongee na mwenye nyumba

Nilipohamia Columbus, Ohio, kiti changu cha magurudumu kilipita vizuri mlango wa mbele, kikakwama kwenye mlango wa bafu. Miezi minne nikawa naoga jikoni kwa beseni. Meneja alisema kupanua mlango ni gharama yangu, nami nikamwamini.

Ndugu yangu mwenye ulemavu unayepanga Marekani, anza na mwaka wa jengo. Sheria ya haki katika makazi, kwa marekebisho ya 1988, inahusu majengo ya nyumba 4 au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya 13 Machi 1991. Penye lifti, nyumba zote zinahusika. Pasipo lifti, za chini tu. Huku kwetu mwaka unaonekana bure kwenye tovuti ya mkaguzi wa kaunti. Jengo letu lilikuwa la 2004.

Kisha chukua tepu. Fungua mlango nyuzi 90, upime kuanzia uso wa mlango hadi ukingo wa fremu upande wa komeo. Wengi hupima fremu hadi fremu, wanapata namba kubwa isiyo ya kweli. Nafasi hiyo iwe kama inchi 32. Wangu ulikuwa 27. Swichi zisizidi inchi 48 kutoka sakafuni, soketi zisishuke chini ya 15. Piga picha tepu ikiwa mlangoni, namba zisomeke.

Sasa suala la gharama, maana hapa ndipo watu wetu wanapoonewa. Kwenye jengo la mtu binafsi lisilo na kosa, mpangaji hujilipia marekebisho anayotaka. Lakini jengo lililopaswa kufuata sheria hiyo likajengwa kinyume, mzigo si wako.

Mwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe, uambatishe picha. Asipotekeleza, peleka malalamiko HUD, wizara ya nyumba. Ni bure. Una mwaka 1 kulalamika huko, miaka 2 kwenda mahakamani. Usisubiri, kwa sababu siku ya kuanzia kuhesabu mawakili huibishania sana. Anayejibu si mwenye jengo peke yake, hata mkandarasi na msanifu aliyechora wanaweza kuitwa. Na akikutishia kukutoa kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa jingine: liandike na tarehe.

Sisi tulimalizana kwa mapatano. Walipanua mlango wangu na ya majirani wote wa chini, akiwemo bibi wa nyumba namba 3 anayetembelea magongo, ambaye hakuwahi kulalamika kwa mtu yeyote.