Vespa nayo hupimwa presha

Mara ya tatu Vespa yangu kushika, yaani injini kukwama ghafla, ilikuwa mlimani, njia ya Chake kwenda Mkoani hapa Pemba, nyuma nimefunga gunia la muhogo. Kwanza mlio ulibadilika, ukawa mwembamba kama wa mbu sikioni, kisha gurudumu la nyuma likaganda papo hapo. Niliwahi kubana klachi, ndiyo maana naandika haya na meno yangu yote. Kwa hiyo nasema mapema, kabla hujashika hata spana: ukipanda Vespa kongwe, vidole viwili visiondoke kwenye klachi. Ikishika, bana, achia resi, jivute pembeni, kaa chini ya mwembe ipoe. Usiipige kiki.

Vespa yenyewe ni PX 150 ya marehemu baba, ile ya kuchanganya oili na petroli tangini. Mimi si fundi, nimesomesha hisabati skuli mpaka nikastaafu. Mara mbili za mwanzo niliipeleka gereji, na mara zote mbili nilibadilishiwa pistoni, nikalipa, nikakabidhiwa ile mbovu mkononi kama ushahidi. Hakuna aliyejiuliza imekufa kwa nini. Mara ya tatu nikasema pesa hii ya karafuu siimwagi tena. Naishusha injini mwenyewe, hapa hapa uani, nimjue muuaji.

Maana pistoni haifi tu, huuawa. Injini hii haina vali kama ya gari. Petroli, oili na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo zikapanda juu kuchomwa. Chumba kile lazima kiwe kimezibika kama chupa. Pakiwa na upenyo, hata wa unywele, hewa inazidi na petroli inapungua, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, nayo inapungua. Moto unapanda, pistoni ya alumini inatanuka kupita silinda yake ya chuma, na inakwama. Upenyo huo mara nyingi uko kwenye sili mbili za krenki, yaani pete za kuzibia, moja nyuma ya magneto (gurudumu la sumaku linalotoa umeme), nyengine upande wa klachi. Ni raba, na raba ya miaka mingi hukakamaa kama ganda la kungumanga.

Dalili zake zinatofautiana. Sili ya magneto ikifa, unaachia resi na injini inaendelea kulia juu kama haijakusikia, na plagi ukiifungua ni nyeupe kama chokaa. Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa. Sili ya klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito nyuma, oili inapungua na chini hakuna hata tone. Yangu ilikuwa na hizo za kwanza, nami nikazichukulia kuwa ni uzee.

Kabla ya kufungua, osha. Tope la Pemba ukilijua unajua: jekundu, linanata, na lina mchanga ndani yake. Mafuta ya taa na brashi ya viatu vinatosha. Petroli usiilete, hasa kama mke wako ana jiko la mkaa hatua tano kutoka hapo.

Vyombo si vingi. Tafuta mapema spana namba 11, kwa sababu nati nyingi za injini hii ni za namba hiyo na kwenye seti nyingi za dukani haimo. Nati ya klachi ina mapengo manne, haifunguki kwa spana ya kawaida; nilichukua kipande cha bomba, nikakichonga meno manne kwa tupa, fundi wa kuchomelea akanitilia mpini. Na azima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Sikuamini kama naihitaji mpaka nilipong'oa uzi wa bolti moja kwa kukaza kwa hasira.

Kuishusha ni kazi ya asubuhi moja. Legeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma kwanza, wakati tairi bado liko chini na mtu amekanyaga breki. Ukisubiri mpaka injini itoke, hutakuwa na pa kuishikia. Mwaga oili ya gia. Toa eksozi, ondoa waya za klachi, breki, resi na choki, mpira wa petroli na nyaya za umeme. Waya mbili za gia zifunge uzi wa rangi mbalimbali, kwani ukizibadilisha gia zitakwenda kinyume. Baada ya hapo injini imeshikwa na bolti ndefu moja mbele na ya shokamzoba nyuma. Mwanangu alishika huku, mimi kule, tukaiteremsha jamvini.

Halafu piga picha. Kila kitu kabla hujakitoa, kipige picha kwa simu. Sahani ya koili iliyo nyuma ya magneto, ikwaruze mstari kwa msumari kutoka kwenye sahani hadi kwenye kesi (ganda la injini), ili irudi pale pale. Isiporudi, moto utapiga kabla au baada ya wakati wake. Kile kiufunguo kidogo cha nusu mwezi kwenye ncha ya krenki kitie kwenye kopo mara moja, maana kikipotea kazi imesimama. Silinda ikitoka, ziba mdomo wa chini kwa kitambaa kabla ya kugusa klipu za pini ya pistoni. Klipu zile huruka.

Nusu mbili za kesi zilipoachana, vijisindano vya beringi ya gia vilimwagika. Jamvi ni lile lile la kuanikia karafuu, na makonyo ya msimu uliopita yalikuwa bado yamo kwenye nyuzi. Tulitumia saa nzima, mimi, mwanangu na sumaku ya spika ya redio mbovu, kuchambua vyuma na makonyo. Wewe vishike kwa grisi, na vihesabu.

Hapo ndipo nilipomwona muuaji. Nyuma ya magneto palikuwa pamelowa weusi wa mafuta, na mdomo wa sili umekatika upande mmoja. Lakini sili haikuwa peke yake. Nilishika ncha ya krenki nikaitikisa, ikacheza: beringi ya upande ule imekwisha. Krenki inayocheza huitafuna sili, kwa hiyo ningebadilisha sili tu, nyengine ingekufa vivyo hivyo. Gereji walikuwa wanatibu homa bila kuuliza malaria.

Angalia na mkono wa pistoni. Ukiusukuma kushoto na kulia utacheza kidogo, hilo ni sawa. Ukiuvuta juu na chini usisikie chochote. Ukisikia tiki, krenki inahitaji matengenezo makubwa. Pia kuna sehemu ndani ya kesi, laini kama kioo, ambapo bawa la krenki hupita karibu kabisa na kuziba tundu la kabureta. Ndiyo vali ya injini hii. Usiiguse na msasa wala bisibisi, kwani ikikwaruzika sana Vespa itakuwa ngumu kuwaka na hakuna spea ya kuirudisha.

Silinda. Ya kiwandani ina upana wa milimita 57.8, na mwendo wa pistoni ni 57, ndiyo hizo cc 150. Silinda ikilika huchongwa ipanuke, na pistoni zake huongezeka 0.2 kila hatua: 58.0, 58.2, 58.4. Gereji walishanila hatua mbili, nikabaki na moja. Nilinunua pistoni ya 58.4 kwanza, nikaifunga pamoja na silinda kwenye gazeti, nikavipeleka kwa meli hadi Unguja kwa mwenye mashine ya kuchongea. Fundi huchonga kwa kufuata pistoni iliyo mbele yake, hachongi kwa namba ya kwenye boksi. Mwombe alainishe kingo za madirisha ya silinda (matundu ya kupitishia petroli na moshi) baada ya kuchonga, la sivyo ringi zitajikata humo. Na ukiamua kununua silinda nzima, hesabu madirisha: spea nyingi ni za Kihindi, na zipo silinda za LML, kampuni ya India, zenye madirisha matano zisizoingiliana na kesi ya PX yenye matatu. Kwa macho ya haraka zinafanana.

Ringi usizifunge bila kupima. Itie ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake: kati ya milimita 0.2 na 0.35. Kwenye pistoni, pengo hilo likae juu ya kijipini chake, na mshale wa kichwani uelekee eksozi.

Kufunga beringi mpya kulileta ugomvi wa nyumbani. Beringi ikipozwa hunywea, kesi ikipashwa hutanuka, na hapo beringi huingia kwa mkono bila nyundo. Friza pekee tuliyonayo ni ya mke wangu, anauzia barafu za ubuyu. Nilizifunga beringi kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikazilaza chini kabisa. Mtoto wa jirani alikuja na shilingi zake, akapewa beringi. Basi nilisikia maneno! Kesi niliiweka juu ya bati, bati juu ya jiko la mkaa, nikaigeuzageuza mpaka tone la maji likidondoka linaruka. Beringi ikaingia kwa sauti moja, tap. Sili nazo paka grisi mdomoni, zisukume kwa kipande cha bomba kinacholingana nazo, zikae sawasawa, zisilale upande.

Kaza kesi kwa mzunguko wa msalaba, Nm 13 hadi 15 (Nm ndicho kipimo cha toki renchi). Nati ya klachi 40 hadi 45, ya magneto 60 hadi 65. Kila baada ya kukaza, zungusha krenki kwa vidole. Ikigoma, fungua utazame, usijidanganye kuwa italegea yenyewe barabarani.

Sasa lile jambo lililonifanya niandike. Injini ikiwa imefungwa, kabla ya kuirudisha kwenye Vespa, ipime presha. Dada yangu ni muuguzi, na alikuwa na kipimo cha presha cha zamani ambacho kile kitambaa cha mkononi kimechanika. Saa yake ya kusomea presha na pampu ya raba vilikuwa vizima. Nilitoa kabureta, nikaziba tundu lake kwa raba ya tyubu na kibati kilichokazwa kwa nati. Plagi niliiacha mahali pake. Pistoni niliishusha chini kabisa ili dirisha la eksozi liwe wazi, nikavisha mdomo wa eksozi kipande cha tyubu ya baskeli kwa klipu ya mpira wa gesi, na mpira wa kipimo nikauingiza humo.

"Kaka, unampima nani?" dada akauliza mlangoni.

"Vespa."

"Basi mwambie apunguze chumvi."

Pampu mpaka 200. Usivuke 250, sili zinaweza kutoka mahali pake. Kisha kaa utazame. Yangu ilishuka hadi 120 kabla sijamaliza kukuna kichwa. Nikachukua povu la sabuni, nikapaka kila kiungo, na povu likachemka chini ya silinda: gasketi niliyoikata mwenyewe kwa mkasi ilikuwa na mpasuko mdogo. Nilibadilisha, nikapampu tena, na baada ya dakika tano saa inasoma 190. Nilijisikia kama daktari bingwa. Kipimo hiki ungeweza kukifanya hata kabla ya kufungua injini, ukajua sili imekufa bila kuishusha. Laiti ningekijua mwanzo, pistoni mbili zingekuwa bado dukani.

Kuirudisha ni picha zako kinyumenyume. Oili ya gia ni SAE 30, mililita 250. Petroli changanya kwa asilimia mbili, mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa lita moja. Wengi hapa kwetu humwaga oili kwa kukisia, wakidhani ikizidi ndiyo salama, kumbe oili ikizidi petroli inapungua ndani ya mchanganyiko na moto unarudi pale pale.

Iliwaka kiki ya nne. Kwa matangi mawili ya mwanzo sikuifungulia resi yote, wala sikupakia mtu, na nilibadilisha mwendo mara kwa mara badala ya kwenda kasi moja njia nzima. Plagi niliifungua baada ya tangi la kwanza: chai ya maziwa. Nati za kichwa cha silinda zikaze tena injini ikiwa baridi, na oili ya gia ya kwanza imwage mapema, itatoka na unga wa klachi mpya.

Na tandika turubai chini. Mimi nilitumia jamvi, likapata doa la oili upana wa sinia, na mke wangu hataki karafuu yake iguse hapo. Jipya nimelinunua mimi.