Lugha nne, vibanda vinne: kupanga ukalimani wa mkutano wa SADC Dar es Salaam

Ukikabidhiwa mkutano wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, usikimbilie kukodi ukumbi. Kwanza andika nani atasema kwa lugha gani na nani atasikiliza kwa lugha gani. Lugha rasmi ya jumuiya si lazima iwe lugha ya kazi ya kila kikao. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi 6, lakini lugha za kazi za Sekretarieti yake ni 2 tu, Kiingereza na Kifaransa. SADC ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa na Kireno hadi Agosti 2019, wakuu wa nchi walipokutana hapahapa Dar wakaongeza Kiswahili. Kwa hiyo waulize wenye mkutano: je, zote nne zitasikilizwa, au nyingine zitasemwa tu? Bajeti yako imelala hapo.

Kila lugha itakayosikilizwa ina kibanda chake, yaani chumba kidogo cha kuzuia kelele, na wakalimani 2, wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Lugha nne ni watu 8. Ukimwacha mmoja peke yake ili uokoe fedha, baada ya chakula cha mchana ataanza kuruka sentensi. Kibanda cha kuhamishika cha watu wawili kina upana na kina cha mita 1.6, kimo mita 2. Kiweke mahali mkalimani anapoona skrini na uso wa msemaji, mbali na meza ya chai. Ukumbi ukiwa na madirisha makubwa ya kutazama bahari, funga mapazia: vipokea sauti vya infraredi (miale isiyoonekana kwa macho) husumbuliwa na jua.

Panapoharibika zaidi ni kwenye upokezi. Usipopata mtu wa kutoka Kireno moja kwa moja hadi Kiswahili, mjumbe wa Msumbiji akisema, kibanda cha Kiingereza hutafsiri kwanza, kisha cha Kiswahili hukidaka hicho Kiingereza. Kosa la kibanda cha kwanza linakuwa kosa la wote, basi pale weka wakalimani wako hodari kuliko wote. Tarakimu ndizo zinazoumiza: «mil milhões» ya Kireno na «milliard» ya Kifaransa ni bilioni moja, ila «billion» ya Kifaransa ni trilioni. Akiteleza mtu hapo, mradi unavimba mara elfu.

Saa nazo! Ratiba ya Kiswahili ikisema kikao ni saa 8:00 mchana, ya Kiingereza iandike 14:00. Kuna anayenakili 8:00 ilivyo, na mgeni anafika asubuhi ukumbi ukiwa bado unafagiliwa.

Hotuba zifike kwa wakalimani siku mbili kabla, hata zikiwa rasimu. Anayesoma karatasi hukimbia kuliko anayezungumza, na mkalimani asiye na nakala hamfikii. Ya mgeni rasmi huchelewa karibu kila mara; angalau mwombe msaidizi wake majina, takwimu na methali atakazotumia.

Jioni ya kuamkia mkutano, fundi na wakalimani wapitie kila chaneli, wajaribu na ule upokezi wenyewe, si maikrofoni peke yake. Jenereta iwashwe kweli, maana umeme ukikatika hata sekunde chache mitambo huanza upya na kikao husimama. UPS, yaani betri ya akiba, kwenye meza ya fundi huziba pengo hilo. Vipokea sauti vitolewe mlangoni kwa kuacha kitambulisho, la sivyo vingine vitaondoka kwenye mikoba ya wajumbe.