Ukiwa na homa, dozi ya kila siku haitoshi

Tezi zangu za adrenali, zile mbili zilizo juu ya figo, hazitoi tena kotisoli ya kutosha, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Nameza haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, kila siku, na kamwe siiachi ghafla. Joto likifika 38, nameza dozi maradufu papo hapo, kama daktari alivyoniandikia. Nawe mwenye hali kama yangu, omba mpango wako ulioandikwa mapema. Ukitapika kidonge, meza kingine. Nacho kikitoka, mtu mzima achomwe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli wa paja, kisha hospitali, hata akipata nafuu. Mfundishe mtu wa nyumbani kuchoma. Siku niliyozidiwa, vidole vilitetemeka hadi nikashindwa kuvunja shingo ya kichupa cha dawa ya sindano. Mume wangu ndiye aliyenichoma.