Jaribuni kwanza kuzuia magari yanayokatiza mtaani kwenu, bajeti baadaye

Mitaa mingi ya Dar imekuwa njia ya kukwepia foleni, jioni barabara kubwa ikikaba tu magari yote yanahamia Sinza, Tabata huko ndani, na mtoto anayetoka shule anatembea juu ya mfuniko wa mtaro maana hana pengine pa kupita. Hili linaweza kupunguzwa, na si lazima msubiri mkandarasi, jaribuni kwanza kwa vitu vya kuondoleka.

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aitishe kikao, kisha diwani na barua ya kibali kutoka TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Msiruke hapo, kufunga barabara bila kibali ni kosa na siku ya kwanza tu mtaondolewa.

Kabla hamjaweka chochote, hesabuni. Chora mistari miwili ya chokaa, mita 50 kati yake, shika stopuwochi ya simu. Gari likitumia sekunde 6 liko spidi 30, likitumia sekunde 3 na nusu hivi limefika 50, na hapo mtoto akichomoka ghafla dereva hana muda wa kusimama. Hesabuni pia wanaotembea, baiskeli, magari, asubuhi na jioni, na mtaa wa jirani uhesabiwe vilevile maana magari yakitoka kwenu yanakwenda kwa wenzenu na mkinyamaza ugomvi utakuja.

Sasa mpangilio. Wekeni mapipa yenye mchanga mdomo mmoja tu wa mtaa, gari la mkazi liingie na kutoka kwa mdomo uleule ulioachwa wazi ila lisikatize. Kwenye kona pangeni matairi yaliyopakwa rangi nyeupe ili bajaji ipinde polepole, na rifleksta kila pahali, usiku pipa halionekani kabisa. Mapipa yajazwe mchanga kidogo tu, kiasi cha watu wawili kuweza kuyasogeza bila vifaa, maana zimamoto na gari la wagonjwa haziwezi kusubiri mtafute funguo.

Kazi ngumu ni nafasi ya kupita kati ya mapipa. Mkiibana sana ili boda wasipite mmemzuia na mwenye kiti cha magurudumu, na guta la maji pia, mkiiachia boda nao wanapita. Mimi nasema iachwe wazi, mita moja na nusu hivi, halafu mkakae na vijana wa kijiwe mkubaliane wapite taratibu, hao ni wa hapohapo na wanao watoto wanaopita hapo.

Msihukumu wiki ya kwanza, madereva bado hawajazoea na kelele zitakuwa nyingi. Acheni hadi mvua inyeshe na shule ziwe zimefunguliwa, ndipo mhesabu tena saa zilezile, sehemu ileile. Mama lishe na mwenye duka waulizwe mmoja mmoja, kikaoni mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Nairobi mwaka 2019 Luthuli Avenue iligeuzwa ya upande mmoja na njia ya waenda kwa miguu ikapanuliwa, kwa hiyo hata katikati ya jiji lenye biashara nzito inawezekana.

Namba zikiwa mbaya sogezeni mapipa mtaa wa juu mjaribu upya, zikiwa nzuri zipelekeni kwa diwani kabla vikao vya bajeti havijaanza, ziambatane na picha na sahihi za wakazi, muombe tuta, zebra na njia ya miguu ya kudumu.